Dhamana ni bure, kopi ni mia

Nina steshenari hapa Dar, kakibanda tu cha meza moja, mashine ya kopi, printa, kamera, na shuka la bluu nimelitundika nyuma ya mlango kwa ajili ya pasipoti saizi. Kutoka mlangoni kwangu mpaka geti la mahakama ni hatua sitini na kitu, nilizihesabu siku moja umeme umekatika sina cha kufanya. Mahakama gani sisemi, bado nataka kula. Mwaka wa saba huu nipo hapo na siku hizi mshtakiwa mwenye hela na asiye na hela nawajua kabla kesi haijasomwa, naangalia tu nani kaja kutoa kopi.

Asiye nacho, unakuja ukoo. Mama mtu, shangazi, jirani, shemeji aliyedanganya kazini kwamba anaumwa, wanajazana pale mlangoni wanaulizana nani ana kitambulisho cha NIDA na nani ana namba tu, maana wengine mpaka leo wana namba, kadi hawajawahi kuishika. Huyu kasahau barua ya serikali ya mtaa, yule barua anayo ila jina la mtuhumiwa limeandikwa Juma badala ya Jumanne, karani kaikataa, inabidi arudi Mbagala akaandikiwe nyingine na hapo saa saba ishagonga. Wanakuja kwangu mara tatu mara nne kwa siku moja. Kopi mia, pasipoti nne elfu tatu, na bado wananiomba nipunguze.

Mwenye nazo humuoni. Anakuja kijana wa ofisi ya wakili, shati jeupe, flashi mkononi, "bro nitolee seti tatu tatu", hati ya nyumba imo kwenye faili la plastiki, barua imegongwa muhuri tangu jana, ananipa elfu kumi chenji anasema kunywa soda. Saa sita mchana mtu wao yupo kwenye gari, vioo juu.

Na hapa sijagusa rushwa, naomba mnielewe, rushwa ina stori yake. Nasema mambo yakiwa yameenda sawasawa kabisa, hakimu kafuata sheria, karani kafuata, askari kafuata, na usiku ukifika mmoja kalala kwake na mwenzie kalala mahabusu.

Kuna lile bango la vituoni, DHAMANA NI HAKI YAKO, DHAMANA NI BURE. Mi nalipenda. Kweli ni bure, hujawahi kuona risiti ya dhamana. Ngoja nikupe hesabu ya hiyo bure.

Mwaka juzi ikanikuta mwenyewe. Mtoto wa mama mdogo, miaka ishirini na mbili, alikuwa saidia fundi kwenye ghorofa moja linajengwa, elfu kumi na mbili kwa siku anabeba zege. Ijumaa jioni ikaonekana drili na roli mbili za waya hazipo stoo, thamani wakasema laki sita. Wakakamatwa vijana watatu waliokuwa wanalala saiti, dogo akiwemo. Mlinzi hakukamatwa. Mpwa wa msimamizi ambaye ndo alikuwa anashika ufunguo wa stoo hakukamatwa, sisemi kaiba, nasema hakukamatwa.

Ukitaka kukamatwa usikamatwe Ijumaa jioni. Jumamosi mpelelezi hayupo, Jumapili mpelelezi hayupo, Jumatatu ndo mnapelekwa. Mimi kuona washtakiwa wanashushwa nimezoea kama mtu anavyozoea daladala zinashusha abiria, siku ile nilikuwa namtolea mteja sivii nikainua macho nikamuona dogo anashuka kwenye difenda ya polisi, yupo peku, mkono mmoja umeshika suruali maana mikanda wanawavua. Hakuniangalia. Mteja ananiambia kaka umenitolea kurasa mbili za kwanza mara mbili.

Hakimu hakumuonea, ukweli lazima niuseme. Akasoma masharti vizuri kabisa, wadhamini wawili wanaoaminika, wakazi wa Dar, wawe na barua na vitambulisho, bondi ya laki tano kila mmoja, na mmojawapo awe mtumishi wa umma au awe na mali isiyohamishika. Akamaliza, dhamana ipo wazi. Mi nadhani hamna sentensi ya Kiswahili iliyofungwa kama hiyo dhamana ipo wazi.

Sasa ukoo wenyewe ndo huu. Mama mdogo anauza mihogo ya kukaanga, kapanga chumba. Mimi nimepanga, na kibanda nimepanga. Baba mdogo alishatangulia. Kaka yake mama mdogo ana shamba Kilwa, hati hana, ana karatasi ya serikali ya kijiji imeandikwa kwa biki mwaka 1998 na wino unaanza kufutika. Mtumishi wa umma tuliye naye ni mmoja, binamu yetu mwalimu, yuko Namtumbo. Tukampigia, akasema atakuja shule zikifungwa.

Dogo kalala ndani siku kumi na tisa. Na hakuna mtu yeyote pale mahakamani aliyekaa akaona huyu kijana anastahili siku kumi na tisa, ni muda tu uliotumika kumpata mtu mwenye kiwanja kinachotambulika. Angekuwa na baba mwenye nyumba Tabata zingekuwa masaa matatu. Kosa lile lile, kifungu kile kile, hakimu yule yule.

Getini kuna jamaa walinifuata, maana wananijua, wakaniambia we si wa hapa hapa bwana, elfu hamsini tunakupa mdhamini ana kila kitu. Wadhamini wa kukodi hao. Niliwafikiria kwa usiku mzima, sitadanganya. Nilichoogopa ni dogo akitoroka au mdhamini akishtukiwa, basi nami naingia kule kule.

Mwisho aliyetuokoa ni mwenye nyumba wa mama mdogo. Mzee wa watu, hati anayo, akasema mimi namdhamini huyu mtoto namjua tangu yuko darasa la tatu, ila ile kodi ya miezi mitatu mnayodaiwa muimalize kwanza. Haki yake. Mama mdogo akaenda kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, akachukua laki tatu arudishe laki nne na nusu, elfu kumi na tano kila siku kwa siku thelathini, kijana wa marejesho anakuja na pikipiki saa kumi na mbili jioni anasimama pale pale kwenye karai la mihogo mbele ya wateja.

Kuna siku nikakaa nikapiga mahesabu nyuma ya daftari langu la kopi. Siku kumi na sita za kazi dogo hajaingiza kitu, 192,000. Mama mdogo siku tisa hakuwasha jiko, weka 135,000 faida iliyopotea. Riba ya kausha damu 150,000. Nauli za kwenda gerezani kumuona na sabuni na vitu vidogo vidogo, 80,000. Barua za serikali ya mtaa, wanaita mchango wa ofisi, elfu tano mara tatu kwa sababu ya makosa ya majina. Jumla 572,000, kopi na picha sijaweka, hizo zangu. Kasoro elfu ishirini na nane itimie laki sita, bei ya drili na waya. Yaani ule wizi tumeulipa, na hela hajaipata mlalamikaji wala serikali, imeyeyuka tu njiani.

Kesi ikatajwa, upelelezi haujakamilika. Ikatajwa tena, haujakamilika. Mara ya nne shahidi hajaja, mlalamikaji mwenyewe naskia saiti ilishahamia Dodoma. Mwezi wa tano ikafutwa. Hakuna aliyesema samahani, ila hata mimi sijui aliyetakiwa kuisema ni nani. Dogo akatoka pale akaja kukaa kwenye stuli yangu akaniambia bro, ningekuwa nimeiba kweli si ningekuwa na hela ya wakili. Tukacheka mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kule ndani hasimulii sana. Kalisema moja tu, kwamba usiku mnalala mchongoma, kwa ubavu, mmepangwa kama dagaa, ukitaka kugeuka safu nzima inageuka. Na kwamba wengi aliokuwa nao walikuwa hawajahukumiwa, wanasubiri kama yeye, mmoja kesi yake alishaacha kuhesabu imetajwa mara ngapi. Mnakumbuka Julai 2019 Magufuli alivyoingia gereza la Butimba kule Mwanza, mahabusu wakapewa nafasi ya kuongea naye uso kwa uso? Dogo ile video alikuwa anaiangalia kwa simu yangu, anasema ndo kule kule, kasoro rais.

Sasa nikiwa na muda, na kwenye hii biashara mwisho wa mwezi nakuwaga na muda, nasoma. Watu wanaachaga makaratasi yao kwenye mashine. Katiba yetu ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na humo humo inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika. Sawa. Halafu kuna Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kile kifungu maarufu cha 148, ambacho kwa miaka mingi kilisema kama kesi inahusu mali ya zaidi ya milioni kumi basi ukitaka dhamana uweke nusu yake, taslimu au mali. Chukua keshia wa supamaketi anayelipwa laki mbili na nusu kwa mwezi, kaambiwa kapoteza milioni ishirini, anatakiwa aweke milioni kumi. Hiyo ni mishahara yake ya miaka mitatu na miezi minne. Aliyeiba kweli hiyo milioni ishirini anayo ya kuweka, asiyeiba anaitoa wapi? Nimelizungusha hili kichwani nimeshindwa kulinyoosha.

Na kuna makosa hayana dhamana kabisa kwenye kifungu hicho hicho. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema hapana, kuwafungia watu mlango wa dhamana namna hiyo ni kinyume na katiba, watu wakashangilia, Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua. Hapo tajiri na maskini wanakaa wote ndani, na nakubali kwa hilo usawa upo, ila usawa wa kunyimwa mi siupendi hata kama jirani yangu mwenye VX kanyimwa pia. Wenzetu wa Kenya katiba yao ya 2010, ibara ya 49(2), inasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita mtu hawekwi rumande. Kama hata ungekutwa na hatia usingekaa zaidi ya hapo, unakaa mahabusu kusubiri nini? Kwenye karatasi wametuzidi. Mtaani sijui, sijawahi kutoa kopi Kenya.

Ila kinachonikaa kooni ni hiki cha kurudisha. Mnaikumbuka EPA, ile akaunti ya madeni ya nje? Bilioni 133 zilichotwa Benki Kuu, mwaka 2008 Rais Kikwete akawapa wahusika muda, mpaka tarehe 31 Oktoba wawe wamerudisha, anayerudisha hapelekwi mahakamani. 2019 ikarudi kwa sura nyingine, Septemba Magufuli akasema watuhumiwa wa uhujumu uchumi wanaokiri na kurudisha wasamehewe, DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akawapokea, watu 467 wakaahidi kama bilioni 107.8. Baadaye kuna waliolalamika kwamba walikubali tu ili watoke, na nawaamini kabisa, ukilala mchongoma hata kuua unaweza ukakubali. Lakini angalia mantiki yake. Ukichukua nyingi unaitwa mezani kuzungumza kurudisha. Mbona hakuna aliyesimama kwenye tivii akasema walioiba kuku, ndoo, simu na drili wana siku saba? Kuku angerudi bwana, au hela yake. Mwaka huo huo wa 2008 kuna waziri alikutwa na zaidi ya dola milioni moja kwenye akaunti kisiwa cha Jersey akaziita vijisenti, neno tukalipenda wote mpaka leo tunalitumia kwenye utani. Drili hakuna anayeiita kidrili.

Fundi viatu jirani yangu, mzee wa miaka sitini na kitu, yeye anaipeleka mbali zaidi. Anasema 1983 Waziri Mkuu Sokoine alipowasha ile operesheni ya wahujumu uchumi, watu wanatupa sukari na sabuni baharini wasikutwe nazo, mwaka huo huo ikaja ya Nguvu Kazi, ukikutwa mjini huna kitambulisho cha kazi unabebwa. Yeye alibebwa Kariakoo akiwa anapiga rangi viatu. Anasema tajiri alikamatwa kwa kuwa na vitu, mimi nikakamatwa kwa kutokuwa na kitu, tukakutana kituo kimoja. Alishushwa kijijini, akarudi kwa miguu na lifti za malori, wiki tatu baadaye yupo Kariakoo na brashi yake.

Na hilo la kukamatwa kwa kutokuwa na kitu halijaisha. Kesi za uzururaji nazitolea kopi mpaka nazijua kwa moyo. Kanuni ya Adhabu, vifungu tulivyozoea vya 176 na 177, kuna mahali panamtaja mtu asiye na njia ya kuonekana ya kujipatia riziki na asiyeweza kujieleza vizuri. Mizizi yake ni sheria ya Waingereza ya 1824, wakiwaondoa maskini wao barabarani, wakaja nayo kwenye mizigo. Cha ajabu sasa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo ipo hapa hapa kwetu Arusha, tarehe 4 Desemba 2020 ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinapingana na Mkataba wa Afrika na nchi zizirekebishe au zizifute. Arusha hapo, basi moja tu toka Dar. Njia ya kuonekana ya kujipatia riziki jamani. Nusu ya hili jiji riziki yake haionekani, ukituuliza saa nne asubuhi tunaishije hatuna jibu, ila jioni tunakula.

Najua kuna mtu anasema unawatetea wezi. Sikiliza, nimeibiwa. Miaka minne nyuma walivunja kibanda wakabeba printa na kompyuta, na ile asubuhi ningemkamata mtu ningemuua, nasema hivi bila aibu na bila kujisifu. Magazeti yana lile jina, wananchi wenye hasira kali, basi mi nilikuwa mmoja wao nasubiri tu mtu wa kumkasirikia. Hao wananchi hasira zao nazo zina vipimo, zinawaka kwa mwizi wa simu anayekimbia kwa miguu, mwizi mwenye gari zinampisha apite.

Nikaenda kituoni nikapewa RB, ile namba ya taarifa ya polisi. Kesho yake naambiwa gari lipo mafuta hakuna, na mpelelezi anahitaji vocha. Nikatoa mara mbili nikaishiwa. Ndo nikajua kumbe na upande wa mlalamikaji kuna bei, ukiwa na hela printa yako inatafutwa, huna inaandikwa. Aliyenivunjia simjui mpaka leo. Ile saiti ya ghorofa walikuwa na gari lao na mafuta yao, ndo maana vijana watatu walikamatwa ndani ya masaa mawili, na ilivyohamia Dodoma mafuta yakaisha na kesi ikafa. Sasa mtu kama mimi niliyeibiwa na mtu kama dogo aliyesingiziwa tunachukiana nini? Tumekaa foleni moja, madirisha tofauti.

2017 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, wapo mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bure na nimewaona kwa macho wakifanya kazi nzuri, na tangu 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama kisheria, hiyo kwangu ni kubwa, mama mdogo alisoma hati ya mashtaka mwenyewe akaelewa kila neno. Kilichomshinda siyo lugha. Ni neno mali na neno isiyohamishika, na hayo hata ukiyatafsiri mara ngapi hayakupi kiwanja.

Dogo yupo, anaendesha bodaboda ya mkataba, saiti hataki hata kusikia. Kausha damu iliisha mwezi wa nne baada ya kukopa kwingine kuilipa hii. Mwenye nyumba kapandisha kodi, hakuna aliyethubutu kulalamika.

Na mimi hapa siyo mtakatifu, nijitaje na mimi. Ijumaa kaja mama mmoja kaifunua kanga fundoni katoa karatasi ya namba ya NIDA imekunjwa mara nane, ananiuliza mwanangu hii wanaikubali? Nikamwambia wengine wanakubali wengine hawakubali, toa kopi tatu ujaribu. Mia tatu nikachukua. Kodi ya kibanda changu inatoka kwenye hizo hizo mia mia, na wale wa flashi hata wawe na roho nzuri vipi ni wachache, wanaonilisha ni wanaorudishwa na karani.

Leo Jumapili. Nimecheki mashine, wino unakaribia kuisha, na kesho Jumatatu, wote waliokamatwa tangu Ijumaa watashushwa asubuhi. Naenda Kariakoo mara moja nikanunue kabla duka halijafungwa.